NANI ALISEMA JINO LANGU SI LA KAWAIDA?

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu hivi, na wale walioniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika nawaomba radhi. Sijaacha. Nilikuwa naumwa jino. Wanaocheka wacheke, lakini aliyewahi kuumwa jino usiku wa manane, umeme umekatika na feni haizunguki, anajua kwamba hapo hakuna cha kuandika wala cha kusoma.

Jino lenyewe ni gego dogo la chini upande wa kushoto, lile la kwanza baada ya chonge. Daktari wa kwanza alilitoboa, akatoa nyama ya ndani iliyokuwa imeoza, akasafisha mfereji wa mzizi, akaziba. Nikalipa, nikarudi kazini. Siku ya tano maumivu yakarudi. Nikaenda tena kwake, akafungua, akapanua tundu, akachungulia, akapanua tena kidogo, akasema mfereji ni mmoja na ameusafisha mpaka mwisho. Kama bado linauma basi ling'olewe. Mama yangu mdogo naye alikuwa na hukumu hiyo hiyo: "Mwanangu, jino likishakusumbua mara mbili halina urafiki tena. Ling'oe."

Nusura nikubali. Mwenzangu mmoja kazini ndiye aliyenishauri nimwone daktari mwingine kwanza. Huyu wa pili hakutoboa kitu siku hiyo. Aligeuza mdomo wa mashine ya eksirei pembeni kidogo, akapiga picha moja, akaniita nitazame. Mfereji ulianza mmoja, halafu katikati ya mzizi ukagawanyika kama njia panda. Tawi moja lilikuwa limesafishwa na kuzibwa vizuri kabisa. La pili lilikuwa halijaguswa.

"Jino lako si la kawaida," akaniambia. "Angalau kwa mujibu wa vitabu."

Maneno hayo ya mwisho yalinikaa kichwani kuliko hata maumivu. Vitabu vya nani? Nani alikaa akaamua jino la kawaida ni lipi? Nikaanza kupekua, na nilichokuta si historia ya dawa wala ya mashine tu. Ni historia ya kuona. Kila zama ambazo waganga wa meno hawakuweza kuona kilichomo ndani ya jino, walikata sana au waling'oa. Kila walipoongeza uwezo wa kuona, tundu likapungua.

Tuanze mbali, ila tusikae huko. Katika vibao vya udongo vya Babeli kuna hadithi ya mnyoo uliokataa kupewa matunda ukaomba ukae kati ya meno na fizi, na kwa maelfu ya miaka watu wa mataifa mengi waliamini kwamba jino linalouma lina mnyoo ndani. Sisi wenyewe mpaka leo tunasema jino limeliwa na wadudu, kwa hiyo tusiwacheke. Katika jangwa la Negev lilipatikana fuvu la askari Mnabatea wa miaka kama 200 kabla ya Kristo, na ndani ya mzizi wa jino lake moja kuna kipande cha waya wa shaba nyeusi. Mfaransa Pierre Fauchard, ambaye kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1728, alisema ameutafuta mnyoo huo kwa hadubini na hakuuona. Huyo huyo alikuwa akifungua jino lililotunga usaha ili usaha utoke, kisha analiacha wazi kwa muda kabla ya kuliziba. Huo ndio msingi wa kazi yote iliyofuata: fungua, toa uchafu, ziba.

Shida ilikuwa ni kwa kutumia nini. Mfereji wa jino ni mwembamba, na mara nyingi umepinda. Mwaka 1838 Mmarekani Edward Maynard wa Washington alichukua kamani ya saa, akaichonga mpaka ikawa nyembamba ya kuingia kwenye mzizi. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa tupa ya kwanza ya mfereji wa jino, na ni tupa kweli, kwa maana ile ile ya tupa ya fundi chuma. Maynard huyo anajulikana zaidi kwa jambo jingine: alikuwa mgunduzi wa bunduki, na bunduki zenye jina lake zilitumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mkono mmoja unaokoa meno, wa pili... basi, tuendelee.

Kuhusu kuziba, jibu lilitoka kwenye mti. Utomvu wa mti mmoja wa Malaya uitwao gutapecha hulainika ukipashwa moto na hukakamaa ukipoa, na haushambuliwi upesi na maji. Mwaka 1867 G. A. Bowman wa St. Louis aliutumia kujazia mfereji wa jino, na mpaka leo vijiti vya rangi ya waridi vinavyoingizwa kwenye mzizi wako vimetokana na utomvu huo. Wakati huo huo dunia ilikuwa inautumia kwa wingi kufunika nyaya za simu za maandishi zilizolazwa chini ya bahari. Waya uliofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, na kuendelea kusini mpaka Durban, ni wa kizazi hicho cha nyaya za gutapecha. Nilipenda sana kulijua hilo. Kitu kilicholeta habari Zanzibar ndicho hicho kilichomo kwenye jino la mwandishi wa habari.

Lakini Maynard na Bowman walifanya kazi gizani. Walihisi kwa ncha za vidole: tupa ikigonga mahali pagumu, wakadhani wamefika mwisho. Kama kulikuwa na mfereji wa pili, hawakuwa na namna ya kujua.

Mwanga wa kwanza ulikuja ghafla. Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei Novemba 1895, na Januari 1896 tu Otto Walkhoff, daktari wa meno huko Braunschweig, Ujerumani, alipiga picha ya meno yake mwenyewe. Alilala chini dakika 25 ili picha ipatikane! Kule New Orleans, C. Edmund Kells aliichukua mashine hiyo akaifanya chombo cha kazi. Mwaka 1899 alikuwa anaingiza waya wa risasi kwenye mfereji na kupiga picha ili aone umefika wapi. Hakuna aliyejua madhara. Kells alikuwa akiweka mkono wake mwenyewe kwenye miale kila mara kupima kama mashine inafanya kazi. Saratani ikaanza vidoleni. Vikakatwa kimoja kimoja, baadaye mkono. Mwaka 1928 alijiua. Kila tunapopigwa picha ya jino kwa sekunde moja na kuambiwa "usitikisike", gharama ya hiyo sekunde ilishalipwa na watu kama huyu.

Hata hivyo eksirei ya kawaida ni kivuli. Inakandamiza kitu chenye unene kuwa kitu bapa, na mfereji mmoja ukiwa nyuma ya mwenzake huonekana mmoja. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Ujanja wa kugeuza mdomo wa mashine ili vivuli viachane ni wa mwaka 1910, uliandikwa na C. A. Clark. Una miaka zaidi ya mia moja na hauongezi gharama yoyote ila picha moja. Hapo naomba nieleweke kwamba simlaumu daktari wangu wa kwanza kwa kukosa mashine ya mamilioni.

Sasa tufike kwa mtu ambaye kwangu ndiye kiini cha habari hii yote. Walter Hess alikuwa mtafiti wa Zürich, Uswisi. Mtangulizi wake Gustav Preiswerk alikuwa ameshajaribu mwaka 1901 kumimina madini yaliyoyeyushwa ndani ya meno ili apate umbo la mifereji. Hess alitumia mpira. Alichukua meno yaliyong'olewa, akayakausha, akausukuma mpira laini ndani kwa nguvu mpaka ukapenya kila upenyo, akaupika ukawa mgumu, kisha akalitia jino lote kwenye tindikali. Jino likayeyuka. Kilichobaki mkononi ni umbo la kile ambacho siku zote kilikuwa kimefichika: nafasi tupu ya ndani ya jino, sasa ikiwa kitu cha kushikika. Alifanya hivyo kwa meno kama 2,800 na akachapisha matokeo mwaka 1917. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1925.

Nimeziangalia picha zake usiku mmoja mpaka nikasahau kulala. Mtu anategemea kuona kijiti kimoja kilichonyooka katika kila mzizi. Anachokiona ni mizizi ya mkoko. Mifereji inagawanyika, inaungana tena, inatengana karibu na ncha kuwa matawi madogo madogo. Mingine imeunganishwa na utando mwembamba kama wavu. Kwenye magego ndiyo usiseme.

Ungefikiri madaktari wangeshukuru kupewa ramani. Wengi waliogopa. Tayari mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alikuwa ametoa hotuba kule McGill, Montreal, akishutumu kazi za meno zilizofunika uchafu chini ya dhahabu, na hoja hiyo ikakuzwa kuwa nadharia kwamba jino bovu linasambaza ugonjwa mwili mzima, viungo, moyo, hata akili. Picha za Hess zilipofika zikasomwa kama ushahidi wa mwisho: ikiwa ndani ya jino kuna msitu namna hii, nani anaweza kuusafisha? Afadhali kung'oa. Kwa miaka ya 1910, 1920 na kuendelea, meno yasiyo na idadi yaling'olewa Marekani na Uingereza, mengine hayakuwa yanauma kabisa. Vyuo vingine viliacha kufundisha tiba ya mzizi. Yaani maarifa mapya ya umbo la jino yalitumika kulihukumu jino kifo. Mama mdogo angefurahi.

Waliokataa walikuwa wachache, na walijibu kwa vipimo. Walichunguza vijidudu kabla na baada ya tiba, wakadai usafi. Kifaa kimoja cha usafi kilikuwepo tangu mwaka 1864, pale Sanford Barnum wa New York alipotoboa karatasi ya mpira na kulichomoza jino juu yake ili mate yasiingie. Dawa ya kuoshea ilitoka vitani: Henry Dakin aliitengeneza mwaka 1915 kuoshea majeraha ya askari, na madaktari wa meno wakaichukua. Ni jamii moja na Jik tunayofulia mashuka, ila kwa kipimo maalumu (tafadhali usijaribu nyumbani). Mwaka 1943 kundi hilo lilianzisha chama chao kule Chicago, na mwaka 1963 fani yao ikatambuliwa rasmi Marekani kuwa ya ubingwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1965, Kakehashi na wenzake wawili walionyesha kwa panya kwamba jino lililotobolewa mpaka ndani huoza likiwa na vijidudu, na hujiponya lenyewe kwa panya waliolelewa bila vijidudu kabisa. Kwa hiyo adui hakuwa umbo la msitu. Adui ni wakazi wake.

Ushindi huo ulikuwa na bei yake. Tupa za wakati ule zilikuwa za chuma kigumu. Ili chuma kilichonyooka kiingie kwenye mfereji uliopinda bila kuvunjika au kutoboa pembeni, ilibidi mlango uwe mpana na njia inyooshwe. Wanafunzi walifundishwa kukata paa lote la chumba cha ndani ya jino na kupunguza kuta mpaka tupa ishuke bila kugusa. Mifereji ikapatikana, ndiyo, lakini jino lililobaki lilikuwa kama nyumba iliyobomolewa kuta za ndani. Wengi wetu tuna ndugu ambaye jino lake "lilizibwa mizizi" vizuri halafu miaka miwili mitatu baadaye likapasuka akila nyama choma. Watu husema ni kwa sababu jino limekufa limekuwa kavu. Sababu kubwa ni kwamba limekatwa sana.

Na bado mifereji ilikosekana. Mwaka 1969 Franklin Weine na wenzake walipasua gego kubwa la kwanza la juu, jino ambalo vitabu vilisema lina mifereji mitatu, wakachunguza mzizi wake mmoja tu katika meno 208. Zaidi kidogo ya nusu walikuta mzizi huo una mifereji miwili. Mwaka 1990 Kulild na Peters, wakitumia hadubini, waliupata huo wa ziada kwa zaidi ya 95%. Tafakari kidogo. Kwa vizazi vizima mfereji wa nne uliitwa ajabu, kumbe ajabu ni kuukosa! Frank Vertucci naye mwaka 1984 aligawa mifereji katika aina nane baada ya kupaka rangi na kuyafanya angavu meno 2,400, na mgawanyo huo ndio wanafunzi wengi wanaokariri.

Hapo ndipo swali langu la vitabu vya nani linapopata uzito. Meno ya Hess yalichunguzwa Zürich. Meno ya wengi waliomfuata yalitoka Ulaya na Marekani. Mwaka 1986 Martin Trope na wenzake walilinganisha picha za wagonjwa weusi na weupe nchini Marekani, jino lile lile lililoniuma mimi. Kwa weupe, gego dogo la kwanza la chini lilikuwa na mfereji zaidi ya mmoja kwa 13.7%. Kwa weusi, 32.8%. Karibu mtu mmoja kati ya watatu! Jino langu, basi, si la kawaida kwa nani?

Wala hatuko peke yetu. Huko Taiwan, gego kubwa la kwanza la chini lina mzizi wa tatu kwa karibu mtu mmoja kati ya watano, jambo ambalo kwa Wazungu ni nadra. Mifereji iliyoungana kuwa umbo la herufi C, iliyoelezwa na Cooke na Cox mwaka 1979, ni ya kawaida kwa watu wa Asia Mashariki. Oehlers, aliyeandika mwaka 1957 mgawanyo unaotumika mpaka sasa wa jino lililojikunja kwa ndani kama jino ndani ya jino, alikuwa Singapore. Kuna hata meno yenye chumba kirefu na mizizi mifupi ambayo Arthur Keith aliyapa mwaka 1913 jina lenye maana ya meno ya ng'ombe dume, akifikiria mafuvu ya watu wa Neanderthal. Huku kwetu, watafiti wa Uganda walichapisha mwaka 2007 ramani ya magego ya juu ya Waganda, na mwaka 2009 ya magego ya chini, wakitumia wino na meno yaliyofanywa angavu. Ukihesabu kutoka Hess mwaka 1917, ni miaka 90.

Tundu lilianza kupungua kweli vitu vitatu vilipokutana. Cha kwanza ni hadubini juu ya kiti cha mgonjwa. Kuanzia mwaka 1998 vyuo vya ubingwa huu Marekani vilitakiwa kuifundisha. Cha pili ni chuma kinachopinda: aloi ya nikeli na titani ilitoka kwenye maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, na mwaka 1988 Walia na wenzake walitengeneza tupa kutokana na waya wa aloi hiyo uliokuwa ukitumika kunyooshea meno. Tupa inayofuata kona haihitaji kunyooshewa barabara. Cha tatu ni picha za eksirei zenye pande tatu, zilizoanza Italia na Japani mwishoni mwa miaka ya 1990, ambazo humwezesha daktari kulikata jino vipande kwenye kompyuta kabla hajaligusa.

Mwaka 2010 Wamarekani David Clark na John Khademi waliandika waziwazi kwamba mafunzo ya zamani yanakata sana, na kwamba sehemu ya jino isiyopaswa kuchezewa ni ile ya shingoni, milimita 4 juu ya mfupa na milimita 4 chini yake. Mwaka 2016 madaktari wa Basel na wenzao wakaonyesha njia ya kutumia picha ya pande tatu kuchapa kifuniko cha plastiki chenye kitundu cha kuongoza mashine, ili kwenye jino ambalo mfereji wake umezibika kwa chokaa, ncha ishuke moja kwa moja mahali panapotakiwa. Tangu hapo njia hiyo imetumika pia kwa meno yaliyojikunja, yale ya Oehlers.

Wapo waliopitiliza, wakawa wanashindana nani ametoboa tundu dogo kuliko mwenzake na kuweka picha mtandaoni. Mimi si daktari, lakini niliyoyasoma yananifanya niwe na mashaka. Majaribio ya maabara ya kupima kama tundu dogo sana linalipa jino nguvu zaidi yanagongana, na tundu likiwa dogo mno nyama iliyooza inaweza kubaki kwenye pembe na maji ya dawa yasifike. Anayetoboa kidogo bila kuona hajaendelea popote. Yuko pale pale na Maynard na kamani yake, ila kwa mlango mwembamba zaidi.

Daktari wangu wa pili hana picha za pande tatu. Ana miwani ya kukuzia, taa nzuri, tupa za aloi na ile picha ya pembeni. Alipita kwenye tundu lile lile lililokuwa limeshachimbwa, akakunja ncha ya tupa ndogo kwa kidole, akaitafuta njia panda taratibu kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, na baada ya dakika kama 40 akasema, "Imeingia." Hakuongeza upana hata kidogo. Alinionyesha kwenye kioo ukuta wa nje wa jino, ulivyobaki mwembamba kutokana na kazi ya kwanza, akaniambia nitahitaji kofia ya kulifunika nisije nikalipasua. Bei ya kofia nitaisema siku nyingine nikiwa na nguvu.

Kabla sijaondoka nilimuuliza alijuaje kwamba atafute mfereji wa pili. Akafungua kabati akatoa chupa ya plastiki iliyojaa meno yaliyong'olewa, akachagua gego moja dogo alilolipasua kwa urefu siku za nyuma. Ndani yake kulikuwa na njia panda kama yangu. Nikamuuliza lilikuwa la nani. Akasema hakumbuki, alilitoa zamani, mwenyewe alisema linauma hata baada ya kuzibwa.